Mama Mkwe Alipolala Mjini

Mama mkwe wangu hajawahi kulala nyumbani kwangu, wala hatalala. Sisi tuliozaliwa magharibi mwa Kenya huijua sheria hiyo bila kufundishwa. Mama na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja, hawapeani mkono, hawali meza moja na hawatazamani usoni. Nilimwoa binti yake nikiwa karani kijana wa reli. Leo ni mzee mwenye wajukuu, na katika miaka hiyo yote sijamwona mama yule ana kwa ana kwa muda wa kutosha kumaliza salamu. Nikifika kwake, yeye hupita nyuma ya jiko. Akija kwetu mtaa wa Mbotela, Nairobi, kumwona binti yake, mimi hutoka kwa mlango wa mbele akiingia kwa mlango wa nyuma, na jua likianza kushuka yeye huchukua mfuko wake akaenda kulala kwa mwanawe wa kiume, Mukuru kwa Njenga.

Watu wasiotujua hudhani ni chuki. Vijana wa kanisani kwetu waliwahi kuniuliza inakuwaje mtu aliyesomea neno la Mungu, anayesimama mbele ya watu kuhubiri, ashikilie mambo ya namna hiyo. Niliwaambia sijaona mahali dini iliponikataza kumheshimu mama wa mke wangu, na sisi namna yetu ya kumheshimu ni hiyo. Hawakuridhika, lakini walikuwa na adabu, wakaniacha.

Miaka michache iliyopita macho ya mama yalianza kufifia. Mtoto wa jicho aliingia taratibu, hata yeye mwenyewe hakujua ni lini hasa. Kwanza alimwaga chai nje ya kikombe. Kisha siku moja alisimama njiani akamsalimu ng'ombe kwa heshima zote, akimwuliza habari za watoto, akidhani ni jirani yake mnene. Hayo alimsimulia binti yake kwenye simu akicheka mpaka akakohoa. Baadaye akaacha kucheka. Alianguka mara moja akienda kuchota maji, na tangu hapo akaacha kwenda kanisani, kwa sababu hakutaka kuongozwa mbele ya watu kama mtoto mchanga. Mke wangu alimpigia simu kila jioni, na kila jioni alirudi sebuleni na uso mzito.

"Mama ameniuliza jambo leo," aliniambia siku moja. "Ameniuliza kama mtu huzoea giza."

Tulikaa tukimwombea usiku ule, na asubuhi tukaanza kupanga namna ya kumleta Nairobi.

Wauguzi wa huko kwao walikuwa wamempima. Jicho la kushoto, walisema, lilikuwa limeharibika kwa ndani, wala halikuwa la kutumainiwa. La kulia ndilo lililoweza kuokolewa kwa upasuaji mdogo, mradi lisichelewe tena. Kwa hiyo mwanga wote uliobaki kwa mama yule ulikuwa kwenye jicho moja. Kliniki tuliyoelekezwa ilikuwa katikati ya mji, upande ule wa zamani wenye majengo ya mawe ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambako mimi nikiwa kijana nilizoea kutembea saa ya chakula kutoka ofisi za stesheni kwenda kutazama nguo nisizoweza kununua.

Swali likawa moja: baada ya upasuaji atalala wapi? Kwa shemeji yangu Mukuru ni chumba kimoja, jiko liko hapo hapo karibu na kitanda, na malori ya viwandani hupita mlangoni yakiinua vumbi mchana kutwa. Daktari alikuwa amekataza moshi na vumbi. Majirani zetu Mbotela wana roho nzuri, lakini nyumba za kaunti mnazijua, na kila moja imejaa watu wake. Nilijitolea kwenda kulala kwa rafiki yangu wa kanisani ili mama apate nyumba yangu. Niliona nimefikiri vizuri. Mke wangu akampigia simu mama yake kumweleza.

"Hata asipokuwepo," mama alisema, "kitanda si ni chake?"

Mke wangu ndiye aliyeipata njia. Alikuwa akichambua mboga, akasimamisha mikono. "Na ikiwa ni nyumba isiyo ya mtu?"

"Nyumba gani isiyo ya mtu?"

"Hoteli. Zile za kulala wageni, karibu na kliniki."

Mama aliuliza maswali mengi kuhusu hoteli. Mwenyewe ni nani? Mfanyabiashara. Ana undugu na sisi? Hana. Nani hulala humo? Yeyote anayelipa. Alifikiri, kisha akasema, "Basi hiyo ni kama kituo cha basi. Kwenye kituo cha basi hakuna mkwe." Akakubali, na mimi nikaruhusiwa kuwa huko pia, kwa sababu sikuweza kuwaacha wanawake wawili peke yao katika sehemu ile ya mji, mmoja akiwa haoni.

Nilimwarifu mchungaji mapema. Hoteli za mitaa ile zina sifa zake, na mzee wa kanisa akionekana akipanda ngazi zile na mkoba, habari hufika kanisani kwetu Pumwani kabla yeye hajafika ghorofani. Mchungaji alinisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Nenda kwa amani, mzee," alisema. "Lakini akina mama wa kanisa wakiniuliza, mimi sijui lolote."

Hoteli yenyewe ilikuwa juu ya duka la mablanketi. Mwaka wa kujengwa uliandikwa kwa simiti juu ya mlango, ila mvua zilikuwa zimeula. Ngazi zilikuwa za mawe, katikati zimebonyea kwa nyayo za watu wa miaka mingi, na pembeni kulikuwa na reli ya mbao iliyong'aa kwa mikono hiyo hiyo. Ghorofani vyumba vilizunguka ua ulio wazi juu, mahali pa matangi ya maji na kamba za kuanikia shuka. Upande wa barabara kulikuwa na roshani ndefu ya chuma. Palikuwa safi. Pamezeeka, lakini safi, na bei yake haikumwogopesha mtu wa pensheni.

Kwenye mapokezi tulimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Mimi nilisimama mbele ya kaunta. Mama mkwe alisimama mlangoni, amenipa mgongo, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mke wangu alikuwa katikati yetu.

"Karibu, mzee. Chumba kimoja cha watu watatu?"

"Viwili," nikasema. "Vilivyo mbali."

Alinitazama. "Mbali kiasi gani?"

Sikujua nieleze vipi, nikasema mbali tu. Akatoa ufunguo mmoja wa ghorofa ya pili na mwingine wa ghorofa ya kwanza. Mke wangu alimpelekea mama habari, kisha akarudi.

"Mama anauliza, kitanda chako kiko chini ya chake?"

Tulihesabu milango kwa kidole. Kilikuwa chini ya chake kabisa. Mama wa mapokezi alivaa miwani, akamtazama bibi aliye mlangoni, akanitazama mimi, akaivua tena.

"Ni mkweo?"

"Ndiye."

"Sasa mbona hukusema, mzee? Mimi ni Mkamba. Baba yangu akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mara moja aliingia akakuta nyuki." Akaurudisha ufunguo wangu ubaoni akachukua mwingine. "Huu ni wa ng'ambo ya ua. Huko hata mkikoroma hamsikizani."

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, chupa ya chai, malapa, kipande cha sabuni cha ukubwa wa biskuti, na taulo jeupe lenye jina la hoteli lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Dirisha lilitazama uani, na ng'ambo niliuona mlango wao. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kituo cha basi chenye vitanda.

Upasuaji ulifanyika kesho yake. Mke wangu ndiye aliyeenda naye, akamrudisha mchana jicho limefunikwa kwa bandeji na plasta. Daktari alikuwa amesisitiza mambo mawili. Bandeji isiguswe na mtu yeyote hotelini, na asubuhi inayofuata arudi bila kukosa, kwa sababu hapo ndipo wangejua kama jicho limepona au limepotea, na kama kuna kasoro ni lazima ishughulikiwe siku ile ile.

Jioni hiyo mke wangu alimketisha mama mlangoni apate hewa, uso umeelekezwa ukutani kwa ajili yangu. Maduka chini yalikuwa yakifungwa, mabati yakishuka kwa kishindo. Kutoka msikitini, mitaa michache mbele, adhana ilisikika ikapita juu ya mapaa. Ilipokwisha, wale wawili wakaanza kuimba wimbo wa jioni wa kanisani kwetu, polepole, kwa lugha ya nyumbani. Nilisikiliza ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili nikaingia na sauti ya chini kutoka dirishani kwangu. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Mama hakunyamaza. Tuliimba wote watatu, ua ukiwa katikati, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi na mama mkwe wangu kufanya jambo lolote pamoja.

"Ongezeni sauti!" mtu akapaza sauti kutoka chini kwenye matangi. "Huku tunapata nusu tu!"

Asubuhi mke wangu alishuka kuchukua maji ya moto. Ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Nilisikia birika likigonga mawe, kisha sauti yake ikiniita, nami nikashuka na malapa mkononi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshika kifundo cha mguu. Maji yalimkosa, Mungu ni mwema, lakini mguu ulikuwa tayari unavimba.

"Sijavunjika," alisema. "Ila sitembei."

Tulitazamana. Sote tulikuwa tukifikiria kliniki. Nilimpigia shemeji, lakini alikuwa ameshaingia kazini kiwandani, na huko simu huachwa getini. Mama wa mapokezi hakuweza kuacha kaunta. Teksi isingesaidia, kwa sababu mtaa ule asubuhi hujaa mikokoteni, na kliniki yenyewe ilikuwa kona chache tu kwa miguu. Alibaki mtu mmoja.

Mama alishuka akipapasa reli mpaka akafika ngazi aliyokaa binti yake. Mimi nikageuka ukutani. Mazungumzo yakapita kwa mke wangu kama kawaida, ingawa tulikuwa hatua chache kila mmoja na mwenzake na wote tulisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie sitashikwa mkono na mkwe wangu."

"Mama anasema hutamshika mkono."

"Mwambie simshiki. Lakini tutafikaje?"

"Anauliza mtafikaje."

"Tutakaa. Mungu anaweza kuniponyea hapa hapa."

"Mama!" mke wangu akasema, na sauti ikamvunjika. "Jicho ni moja. Huna lingine la kungojea nalo."

Ndipo mama wa mapokezi alipotoka nyuma ya kaunta na taulo lililokunjwa, akalifungua, akampa mke wangu ncha moja.

"Mwambie nyanya hili ni la hoteli. Si lake, si la mkwewe. Yeye ashike huku, mzee ashike kule."

Mke wangu akatafsiri. Mama akalipapasa taulo, akausikia ule uzi ulioshonwa.

"Ni la nani?"

"La wageni wote, Mama."

Akalishika.

Ndivyo tulivyotoka, mimi mbele, yeye nyuma, taulo jeupe limenyooka kati yetu. Sikugeuka hata mara moja. Nilimwambia tu njia, kwa lugha yetu, kama mtu anayejisemea. "Hapa ngazi, Mama. Hapa mtaro. Hapa simama, mkokoteni unapita." Taulo lilikuwa likiniambia mengine. Likilegea, najua amenikaribia, naongeza mwendo. Likikaza, najua ameogopa, nasimama. Wachuuzi walikuwa wakitandaza viatu na vifuniko vya simu kando ya njia, na mmoja alipotuona akashindwa kujizuia.

"Buda! Huyo unayemvuta ni nyanya ama ni mbuzi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Shosho, kaza hapo hapo, usimwachilie, atatoroka na taulo ya watu!"

Mama aliuliza wanasema nini. Aliuliza hewani, si mimi hasa. Nilisita, kisha nikamtafsiria yote, kwa kuwa sikuona sababu ya kumficha mtu mzima maneno aliyosemewa. Taulo likaanza kutetemeka mkononi mwangu. Nilidhani analia.

"Mwambie," alisema akicheka, "mbuzi ndiye aliye mbele."

Sikumwambia yule mchuuzi. Ningemwambiaje, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeishiwa nguvu kwa kicheko?

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye haraka ya mtu aliye na foleni ndefu. Mama hajui Kiswahili zaidi ya salamu, na wa kumtafsiria alikuwa ameketi hotelini na mguu uliovimba. Nilieleza kwamba nitabaki kwenye korido. Muuguzi akasema haiwezekani, bila mkalimani hawafungui jicho. Nikaingia. Chumba kilikuwa kidogo, chenye kiti, meza na mashine. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa nyuma ya daktari, nikiwa nimeegemea ukuta, uso kwa uso na mama.

Nilitazama dari. Bandeji ikatolewa, jicho likasafishwa kwa pamba.

"Mwambie afungue polepole."

Nikamwambia.

"Muulize anaona nini."

Nikamwuliza. Mama akainama kidogo, akasema, "Sakafu."

"Anasema sakafu."

"Sawa, vizuri. Mwambie aniangalie mimi. Hivi ni vidole vingapi?" Daktari akainua mkono mbele ya uso wake.

Nikatafsiri. Mama hakusema kitu.

"Mama, vidole. Ni vingapi?"

"Naona sakafu," akarudia. "Ina madoa madogo meusi."

Ni kweli ilikuwa na madoa meusi. Daktari akashusha mkono, akauinua tena upande mwingine, akasogea karibu. Mama alizidi kuinamisha kichwa. Daktari akavuta kiti nyuma na kunigeukia, na uso wake haukuwa na haraka tena.

"Mzee, sipendi hivi. Anaona chini peke yake. Kuna wakati pazia la nyuma ya jicho huachia, na mtu huona upande mmoja tu. Ikiwa ndivyo, lazima aende hospitali kubwa leo, saa hii, na hata huko sikuahidi kitu. Mwulize tena, tafadhali."

Nilifikiria lile swali la mama la giza. Niliomba pale pale, bila maneno mazuri, nikasema tu, Bwana, hili moja. Kisha nikamtafsiria mama hayo, nikamwuliza tena, na sauti yangu haikuwa ya mzee wa kanisa.

"Mwambie daktari tungoje kidogo," mama akasema.

"Tungoje nini, Mama?"

Akazidi kuinama.

"Mama, tungoje nini?"

Daktari alikuwa ameshachukua kalamu, akianza kuandika ya kumpeleka hospitali. Ndipo nilipoacha kutazama dari nikamtazama mama, jambo nisilopaswa kufanya. Mkono wake ulikuwa umepanda kichwani ukishika ukingo wa leso, ukiivuta chini, chini, mpaka kwenye nyusi. Namna hiyo hiyo nilikuwa nimeiona kwa mbali tangu ujana wangu, kila nilipotokea langoni kwake, kabla hajapotelea nyuma ya jiko.

Angeinuaje macho? Mkono wa daktari ulikuwa mbele yake, na nyuma ya mkono huo, juu tu ya bega la daktari, nilikuwa mimi. Wala asingeweza kusema kinachomzuia, kwa sababu wa kuambiwa na wa kutafsiri nilikuwa mimi yule yule. Alikuwa tayari kupelekwa hospitali kubwa kuliko kunivunjia heshima.

Nilielekea mlangoni.

"Mzee, unaenda wapi? Nakuhitaji."

"Naenda nje, daktari. Niko hapa hapa. Muulize sasa."

Nikatoka nikauvuta mlango nyuma yangu, nikauacha wazi upenyo wa kupitisha sauti. Koridoni walikuwa wameketi wagonjwa wengine, nusu yao wamefunikwa jicho moja. Daktari alisema kitu ndani. Nikaweka mdomo penye upenyo.

"Mama! Vidole vingapi?"

"Vitatu!"

"Vitatu, daktari!"

"Na sasa?"

"Kimoja. Kucha ameipaka rangi."

Nikatafsiri na hayo pia.

"Na huyu mtoto mwenyewe," mama akaendelea, sasa bila kuulizwa, "ni mzuri, lakini hajalala. Na ukutani kuna saa, na kalenda ina picha ya maua, na dirishani kuna njiwa amekaa na mguu mmoja. Mkwe wangu na amweleze hayo."

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akanishika koti. "Hivyo vidole, kweli vilikuwa vitatu?"

"Vilikuwa vitatu," daktari akasema kutoka ndani. Alitoka na ile karatasi aliyoianza, akaichana polepole mbele yangu. "Mzee, siku nyingine mkija, mwanzo kabisa niambieni nani haruhusiwi kumwona nani. Mmenizeesha."

Nilimwomba msamaha. Nilimshukuru pia, nadhani mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka muuguzi akaniongoza kwa upole kwenye dirisha la dawa.

Walimpa mama miwani myeusi mikubwa. Tulipofika barabarani nilishika ncha yangu ya taulo nikangoja ashike yake. Hakuishika. Alikuwa amesimama akitazama viatu vyake, vya wapita njia, maganda ya ndizi, mtaro. Mke wangu hakuwapo wa kupitisha maneno, kwa hiyo mama aliyasema kwa ukuta wa duka la nguo.

"Mtu fulani akiwa nyuma yangu," aliuambia ukuta, "ningeweza kuangalia juu."

Nikampa taulo lote, nikapita nyuma yake.

Alilikunja akaliweka kwapani, akainua kichwa. Alikiinua polepole, kama mtu anayehofia kugonga paa. Nimepita mitaa ile maisha yangu yote na sikujua kuna vitu vingi namna ile juu. Roshani za chuma zenye maua yaliyofumwa kwa chuma. Nguo za rangi zilizoanikwa madirishani. Njiwa waliojipanga kwenye waya. Alisimama kwa kila kimoja. Watu walitukwepa wakinung'unika, mtu mmoja mwenye gunia kichwani akatuuliza kama tumeota mizizi hapo, nami nikaomba radhi kwa niaba ya wote wawili. Nilimwelekeza kwa sauti tu. "Kushoto, Mama. Sasa vuka." Alitii bila kugeuka.

Sikuwa na haraka. Nilikuwa nikitembea nyuma ya mgongo wake nikifikiria ni mara ngapi mwanamke huyu ameinamisha macho kwa ajili yangu, misimu na misimu, akiwa bado anayo. Aliyatumia macho mazuri kutazama ardhi ili mimi niitwe mkwe mwenye heshima. Nilitamani kumshukuru, na hakuna njia ya kumshukuru mama mkwe uso kwa uso. Kwa hiyo nilimshukuru Mungu, kwa kuamini kwamba Yeye angempelekea.

Tulipotokea ng'ambo ya hoteli mama alisimama ukingoni mwa barabara. Juu, kwenye roshani ya upande wa barabara, mke wangu alikuwa ametolewa kiti, mguu umefungwa kitambaa na kuinuliwa juu ya kiti kingine. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, pengine ndicho alichofungia mguu. Alituona akaanza kupunga mkono.

"Ni nani yule bibi kizee aliye pale juu?" mama akauliza.

"Yupi, Mama?"

"Yule mwenye mvi. Anampungia nani?"

Nilitazama roshani. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Ni binti yako, Mama."

Magari yalipita, mkokoteni wa viazi ukapita, na bado alikuwa amesimama uso umeelekea juu, miwani ile myeusi ikiwa imefunika chochote ambacho mtu angeweza kukiona. Mvi zile mimi niliziona zikija moja moja, asubuhi baada ya asubuhi. Yeye alizikuta zote kwa pamoja.

"Alikuwa na nywele nyeusi," alisema.

"Zilikuwa nyeusi sana, Mama."

Akainua mkono wake, ule wenye taulo, akampungia. Kisha akavuka barabara mwenyewe. Mimi nikasimama nyuma yake nikizuia pikipiki kwa kiganja. Ngazi alizipanda bila kushika reli. Sikumfuata. Nilikaa chini mapokezini.

"Anaona?" mama wa mapokezi akaniuliza.

"Anaona."

Hakuuliza zaidi. Tulisikiliza hatua za mama zikifika juu, zikipita ubaraza, kisha zikasimama. Tukasikia kiti kikisogezwa. Halafu sauti ya mama ikateremka mpaka kwetu, ya chini, ya kubembeleza, ile ambayo mtu huitumia kwa mtoto aliyeanguka, ikimwambia binti yake akae vivyo hivyo, asiinuke, ageuke kidogo upande wa mwanga.

Mama wa mapokezi alinimiminia chai, nikainywa taratibu, ili wapate nafasi.